Sabina Spielrein: zaidi ya "mgonjwa wa Jung"



Mtaani kwetu kuna mama mmoja aliwahi kuugua akili, zamani sana. Akatibiwa, akapona, akafungua genge la nyanya na vitunguu, anasomesha watoto. Lakini mpaka leo ukiuliza genge liko wapi unaambiwa "pale kwa yule chizi".

Nimemkumbuka nilipokuwa nasoma habari za dada mmoja anaitwa Sabina Spielrein. Kurasa nyingi nilizofungua zilianza na kitu kimoja: alikuwa mgonjwa wa akili, halafu akapendana na daktari wake. Kuna hata sinema ya mwaka 2011, A Dangerous Method, ambayo Keira Knightley ameigiza kama yeye. Basi ngoja niwape na yale mengine.

Sabina alizaliwa mwaka 1885 Rostov, kusini mwa Urusi, kwenye familia ya Kiyahudi yenye pesa. Nyumbani kulikuwa na vitabu, lugha za kigeni, na pia kipigo cha baba. Mwaka 1901 mdogo wake wa kike akafa kwa homa ya matumbo, na yeye hali yake ikazidi kuharibika. Agosti 1904, akiwa na miaka 18, akalazwa Burghölzli, hospitali ya magonjwa ya akili mjini Zürich, Uswisi.

Daktari wake alikuwa kijana anaitwa Carl Jung, ambaye alitaka kujaribu njia mpya ya Sigmund Freud wa Vienna: saikoanalisisi. Kwa lugha nyepesi ni tiba ya maongezi. Mgonjwa anaongea yanayomjia kichwani, daktari anasikiliza, wanachimbua pamoja yaliyofukiwa moyoni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Jung alimsaidia. Sabina alitoka hospitali katikati ya mwaka 1905, na mwaka huohuo akaanza kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Zürich. Yaani kutoka kitanda cha mgonjwa moja kwa moja mpaka darasani!

Baadaye ndiyo yakaja hayo mapenzi. Jung alikuwa na mke, na alikuwa daktari wake, kwa hiyo mwenye dhamana alikuwa nani hapo? Jibuni wenyewe. Mambo yalipoharibika mwaka 1909 Sabina alimwandikia Freud. Mwanzoni mzee alimtetea Jung, ila ukweli ulipojulikana akamwomba dada wa watu radhi.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1911 Sabina akamaliza udaktari, tasnifu yake ikihusu mgonjwa wa skizofrenia. Akaenda Vienna, akapokelewa kwenye chama cha Freud akiwa mwanamke wa pili kuingia. Mwaka 1912 akachapisha makala yenye hoja nzito: ndani ya hamu ya kuzaa kuna pia nguvu ya kubomoa. Mfano wake ni mbegu ya kiume na yai. Zikiungana, kila moja inapotea kama ilivyokuwa, na hapo ndipo uhai mpya unaanza.

Miaka 8 baadaye, mwaka 1920, Freud akatoa kitabu chenye nadharia maarufu ya msukumo wa kifo. Sabina alitajwa wapi? Kwenye tanbihi, yale maandishi madogo chini ya ukurasa. Freud alikiri kwamba sehemu kubwa ya mawazo hayo Sabina alishayatangulia, kisha akaongeza kwamba makala yenyewe haikumwelea vizuri. Haya bwana.

Mwenyewe hakukata tamaa. Akiwa Geneva alichunguza jinsi watoto wanavyoanza kuongea. Alisema neno "mama" linatokana na midomo ya mtoto inavyocheza wakati wa kunyonya. Hapo tu nilitulia kidogo, maana hata sisi tunasema mama! Jean Piaget, bingwa wa saikolojia ya watoto, alifanyiwa saikoanalisisi na huyuhuyu Sabina mwaka 1921.

Mwaka 1923 akarudi Urusi kufanya kazi Moscow, kisha akahamia kwao Rostov. Ikawa majanga. Serikali ya Stalin ikaizima saikoanalisisi. Kaka... samahani, wadogo zake wote 3 wa kiume waliuawa kwenye msako wa Stalin wa miaka ya 1937 na 1938. Mume wake naye alifariki 1937. Halafu Wajerumani wa Hitler wakauteka mji. Agosti 1942 Wayahudi wa Rostov waliamriwa wakusanyike, wakapelekwa kwenye bonde la Zmievskaya Balka na kuuawa kwa maelfu. Sabina alikuwemo, pamoja na binti zake, Renata na Eva. Eva alikuwa na miaka 16.

Dunia ikamsahau mpaka mwaka 1977, shajara na barua zake zilipopatikana Geneva. Lakini kilichovuma zaidi ni yale mapenzi, na jina la "mgonjwa wa Jung" likamganda.

Mimi ni wa kidato cha nne tu, siyo mtaalamu. Ila tangu nisome haya nimeuliza jina la yule mama wa genge. Anaitwa Mama Zuhura. Miaka yote napita pale sikuwahi kulijua.

Wadau, mnaonaje? Maoni hapo chini, matusi hapana. Nawakilisha.