Alex Smith: Mguu Ulioponea Msumeno Warudi Uwanjani

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maneno hayo yanamfaa sana Alex Smith, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1984, ambaye alijipatia riziki yake katika futiboli ya Kimarekani.

Mchezo huo si kabumbu ijulikanayo Afrika. Mpira wake una umbo la yai na huchukuliwa mikononi. Kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani, na timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Kiongozi wa mashambulizi huitwa kwotabeki. Yeye huupokea mpira, kisha humtafuta mwenzake wa kumrushia, hali watu wenye miili mikubwa wanamkimbilia ili wamwangushe. Haishangazi basi kwamba wengi wenye kazi hiyo huumia.

Mwaka 2005 Smith, aliyekuwa amesoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Utah, alichaguliwa wa kwanza kati ya vijana wote walioingia katika ligi kuu ya nchi yake. Timu ya San Francisco ndiyo iliyomchukua. Lakini mwanzo wake ulikuwa mchungu. Mwaka 2007 aliumia bega, akapasuliwa, na msimu mzima wa 2008 ukampita bila kucheza. Alirudi, na katika msimu wa 2011 timu yake ilishinda michezo 13 kati ya 16. Mwaka uliofuata alipata mtikisiko wa ubongo. Alipopona alikuta nafasi yake imekwisha kushikwa na kijana mwingine, Colin Kaepernick. Smith hakususa. Mwaka 2013 alihamia Kansas City, akang'ara tena, na mwaka 2018 akajiunga na timu ya Washington.

Hapo ndipo balaa kubwa lilipomkuta. Tarehe 18 Novemba, 2018, Washington ilipokuwa ikicheza na Houston, aliangushwa na mguu wake wa kulia ukavunjika. Mifupa yote miwili ya muundi ilikatika na kutokeza nje ya ngozi. Ilikuwa siku ile ile ambayo, miaka 33 nyuma, Joe Theismann, kwotabeki wa timu hiyo hiyo, alivunjika mguu na asicheze tena maishani.

Mfupa uliochomoza nje ya ngozi una hatari kuliko uliovunjikia ndani, kwa kuwa jeraha huwa mlango wa vijidudu. Smith alishikwa na homa kali, mguu ukatoka malengelenge na kugeuka rangi. Vijidudu vilikuwa vikila nyama, na sumu yao ilikwisha kuenea katika damu. Madaktari walilazimika kuokoa uhai kwanza, mguu baadaye. Walimpasua mara kwa mara wakiondoa nyama iliyokufa, na shauri la kuukata mguu likawekwa mbele ya mgonjwa na mkewe, Elizabeth. Wao walichagua kujaribu kuuokoa. Msuli wa paja la kushoto ulihamishiwa mguu wa kulia ili kufunika pengo, na mifupa ikashikizwa kwa pete za chuma. Kwa jumla alipasuliwa mara 17.

Kisha ikaja kazi ya kujifunza kutembea. Smith alipelekwa katika kituo cha tiba cha jeshi mjini San Antonio, Texas, ambako hutibiwa askari waliopoteza viungo vyao vitani. Kuwaona watu hao wakijikongoja bila kukata tamaa kulimtia moyo. Alianza kwa magongo, akafuata mazoezi mepesi, na hatimaye akaushika mpira.

Tarehe 11 Oktoba, 2020, baada ya siku 693, aliingia tena uwanjani mwenzake alipoumia. Haikupita muda mrefu Aaron Donald, mmoja wa walinzi wakali kupita wote katika ligi, akamrukia mgongoni. Smith alianguka, akainuka. Mguu ulikuwa umestahimili. Mwezi Desemba aliiongoza Washington kuifunga Pittsburgh, ambayo ilikuwa haijashindwa msimu huo, kwa pointi 23 kwa 17. Alianza michezo sita, na timu yake ikashinda mitano. Alipewa tuzo ya mchezaji aliyerejea vema kuliko wote, na mwezi Aprili 2021, akiwa na umri wa miaka 36, alistaafu kwa hiari yake.

Wapo waliouliza kwa nini mtu mwenye mke, watoto na mali ahatarishe tena mguu uliookolewa kwa taabu. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, kustaafu kwa kuangushwa si sawa na kustaafu kwa kuamua. Smith alitoka uwanjani akitembea kwa miguu yake miwili, na siku ya kutoka aliichagua mwenyewe.