Maagizo Tunayompa Msaidizi wa Kompyuta, na Namna ya Kuyapima

Wenzangu wengi wameniuliza kwa nini chama chetu cha kompyuta kilitumia Jumamosi nyingi za muhula huu kuandika na kufuta karatasi moja tu ya maagizo. Wengine wamesema ati twacheza. Basi nimemwomba Mhariri nafasi kidogo nieleze, na wazazi nao wapate kusoma, kwa kuwa jambo lenyewe lagusa fedha zao.

Kama mjuavyo, sisi tukaao bwenini hukabidhi fedha zetu za matumizi kwa mwalimu mlezi, kisha huzichukua kidogo kidogo. Mwaka huu alituruhusu tumtengenezee programu ya kuweka hesabu hiyo katika simu yake. (Sisi haturuhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo kazi yote hufanywa katika chumba cha kompyuta.) Tulitumia Flutter, chombo cha kampuni ya Google, na sehemu kubwa ya msimbo iliandikwa na msaidizi wa akili mnemba: wewe wamweleza kwa maneno unachotaka, naye aandika.

Wiki ya pili mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alikwenda kuomba Sh. 5,000. Simu ikaonyesha amebakiwa na Sh. 4,000 tu. Akasema, "Mwalimu, mama ametuma elfu kumi leo asubuhi, na umeziandika mbele yangu." Waliokuwa nyuma yake katika foleni wakamcheka na kumwita mwongo. Jioni mwalimu alipoifunga programu na kuifungua tena, zikaonekana Sh. 14,000. Mtoto alisema kweli. Waongo tulikuwa sisi tulioitengeneza.

Kosa lilikuwa hili. Mambo ambayo programu inayakumbuka ikiwa kazini, kama vile baki ya kila mwanafunzi, huitwa hali. Skrini haiichungulii hali kila mara. Huchorwa upya pale tu inapoarifiwa kwamba hali imebadilika. Kwa kazi ya kutunza hali tulitumia Riverpod, iliyotungwa na Remi Rousselet, ambaye ndiye aliyetunga Provider kabla yake. (Zipange upya herufi za Provider, utapata Riverpod.) Sasa, katika Riverpod ukiongeza kitu ndani ya orodha ile ile ya zamani, hakuna arifa inayotoka. Yakupasa uunde orodha mpya na kuiweka mahali pa ile ya zamani. Msaidizi wetu aliongeza ndani ya ile ya zamani. Fedha zikaandikwa, zikahifadhiwa, lakini skrini haikupata habari.

Sisi wa Tabora twaweza kulielewa jambo hili upesi. Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, wapagazi wengi wakalipwa na kuondoka, na mizigo ikagawiwa wapya. Fikirini karani anayebadili hesabu katika daftari lake bila kumwambia kirangozi. Daftari ni sahihi, na msafara waondoka na hesabu ya jana.

Mbona msaidizi akosee jambo ambalo limekwisha andikwa vitabuni? Kwa sababu amejifunza kutokana na maandishi ya watu ya miaka mingi, na ya zamani ni mengi kuliko mapya. Riverpod ya tatu, iliyotoka mwaka 2025, iliziweka kando baadhi ya njia za zamani, lakini msaidizi bado huzipenda. Ndiyo maana huandikiwa karatasi ya maagizo, ambayo huisoma kabla ya kuanza kazi.

Karatasi yetu ya kwanza iliandikwa na rafiki yangu, naye ana kalamu nzuri. Ilimtaka msaidizi awe makini, aandike msimbo safi, afuate mbinu bora. Mwalimu wa Kiswahili aliisifu. Tukazidi kuongeza sheria hadi zikafika 40, tukajiona tumemaliza.

Mwalimu mlezi ndiye aliyetuuliza, "Mmejuaje kuwa inafaa?" Hatukuwa na jibu.

Basi tulichagua kazi 6 ndogo. Kila kazi tulimpa msaidizi mara 5 bila karatasi na mara 5 pamoja na karatasi, kila mara katika mazungumzo mapya. Mara moja haitoshi, maana swali lile lile leo hulipata na kesho hulikosa. Namna ya kusahihisha tuliiandika kabla ya kuona majibu, tusije tukajipendelea. Kila jibu likapewa namba, na msahihishaji hakujua lipi lilitoka upande gani, kama vile asahihishaye mtihani wa kidato cha nne aonavyo namba tu.

Tuliaibika. Katika kazi ya kuongeza fedha kwenye orodha, msaidizi alikosea mara 3 kati ya 5 bila karatasi. Na kwa karatasi yetu ya sheria 40 alikosea mara 3 vile vile. Kumwambia awe makini hakukubadili kitu. Ndipo tukaandika sheria moja: usibadili orodha ndani yake, unda mpya, kwa sababu skrini huarifiwa hali inapowekwa upya. Chini yake tukatia mfano wa mistari miwili. Hakukosea hata mara moja.

Lakini sheria nyingine iliyosema hali yote iwekwe katika ghala moja ilileta madhara. Tulimpa kazi ya kitufe cha kuficha na kufunua neno la siri, jambo la skrini moja tu, ambalo amri ya setState yalitosha kabisa. Yeye akalipeleka ghalani, na msimbo wa mistari michache ukawa ukurasa mzima. Bila karatasi alikuwa akiifanya vizuri. Nadhani hapa ndipo wengi hukosea: hupima kazi zile tu ambazo karatasi yatarajiwa kusaidia, wala hawapimi zile ambazo yapasa inyamaze.

Tumefuta sheria nyingi. Sasa karatasi ina mistari 11, na kila tunapoongeza mmoja twarudia kazi zote 6, jambo linalochosha. Mwalimu mlezi bado aandika daftari la karatasi pembeni, wala hatumlaumu. Yule mtoto wa kidato cha kwanza amejiunga na chama chetu. Yeye ndiye msahihishaji.