Tumbo Lijaalo Maji

Tangu Kilwa hata Lindi, mtu akivimba tumbo huku mikono yake ikikonda, majirani husema ni safura, ama karogwa. Basi hufichwa chumbani, akanyweshwa mizizi hata pumzi ikamshinda.

Maji yale huenda yameletwa na saratani ya ini, ama ya vifuko vya mayai kwa wanawake. Lakini kifua kikuu na kichocho huyaleta pia, na kifua kikuu chaponyeka! Kwa macho hayatambulikani. Mpelekeni mapema Kinyonga, pale Kilwa Kivinje, ama Nyangao. Daktari atayatoa kwa sindano, na kidogo atayapima. Nyumbani asitobolewe kamwe.

Ikiwa ni saratani, maji hurudi, wala si kosa la daktari. Ombeni barua ya rufaa kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali iliyojengwa zamani za Wadachi. Naye aliyechoka mno asilazimishwe safari: kutuliziwa maumivu na kutolewa maji karibu na kwake ni tiba pia. Mwalimu aandike siku yalipotolewa na kiasi chake, na karatasi ile isafiri na mgonjwa.