Jina Chini ya Meza

Pindua meza iliyotoka katika karakana ya George Nakashima huko New Hope, Pennsylvania, utazame upande ambao wageni hawauoni. Mara nyingi utakuta jina limeandikwa kwa wino mweusi. Anayeliona kwa mara ya kwanza hudhani ni la fundi. Silo. Ni la mteja aliyeiagiza. Kwa miaka mingi Nakashima, mmoja wa mafundi samani mashuhuri wa Marekani katika karne ya 20, hakuona haja ya kutia saini kazi zake. Alichokiandika ni jina la mtu aliyechaguliwa ubao, ili usije ukachanganywa na mbao nyingine zilizosimama kando ya ukuta zikisubiri zamu.

Dukani mtu hununua meza ambayo wengine wameshaiamua: urefu, rangi, miguu, hata kona. Anayeagiza huanza na ubao ambao bado haujawa kitu. Kwa meza ya sebuleni, ile fupi inayokaa mbele ya makochi, jambo hili lina uzito wake, kwa sababu hakuna samani nyingine ndani ya nyumba inayotazamwa kwa ukaribu kama hiyo. Kabati hutazamwa kutoka mbali na kitanda hufunikwa shuka. Meza hii watu huiinamia, wakaweka kikombe, wakapitisha kidole juu yake wanaposikiliza mazungumzo.

Kati ya mbao zinazoagizwa Amerika Kaskazini kwa kazi hiyo, kuna moja inayowafanya hata mafundi wakongwe washushe sauti: mepo wenye mawimbi. Mepo ni mti ambao jani lake limechorwa katikati ya bendera ya Kanada. Ule wa mashariki ndio ambao utomvu wake huchemshwa ukawa shira, na mbao zake ni ngumu kiasi kwamba viwanja vingi vya mpira wa kikapu vya ndani vimesakafiwa kwa hizo. Pwani ya Pasifiki huota ndugu yake mwenye majani mapana, jani moja likiweza kufikia sentimita 30. Mbao zake ni laini zaidi, lakini ndani yake hupatikana baadhi ya nakshi za ajabu kuliko zote.

Kwa kawaida mepo ni mweupe na mtulivu, hauna makuu. Ila katika baadhi ya miti, nyuzi za ndani hazikupanda wima. Zilikwenda zikipinda na kurudi, kama maji ya ziwa yanapopigwa na upepo mdogo. Ubao wa mti huo ukipasuliwa huonyesha milia ya kukingama, na Wamarekani huufananisha na chui milia. Mwingine huwa na vifundo vinavyoonekana kuvimba kama godoro la pamba lililoshonwa. Wa tatu umejaa vidoa vidogo vya mviringo, vinavyoitwa macho ya ndege, na chanzo chake wanasayansi bado wanakibishania.

Papasa ubao huo baada ya kupigwa msasa. Kiganja hakihisi wimbi lolote. Ni laini kama kioo. Msumeno ulipopita, ulizikata nyuzi zinazopinda kwa pembe tofauti, hivyo mahali pengine zimelala na mahali pengine ncha zake zinatazama juu. Zilizolala hurudisha mwanga, na zilizosimama huumeza. Zunguka meza hatua mbili, na mstari uliokuwa mweupe unageuka giza, wa giza unang'aa. Hakuna rangi iliyopakwa. Ni mwanga tu unaohama, kama unavyohama kwenye hariri mvaaji anapogeuka.

Uzuri huu una wapenzi wa siku nyingi. Mafundi wa Pennsylvania wa karne ya 18 walichonga vitako vya bunduki ndefu kwa mepo wenye milia, wakavipaka tindikali iliyoyeyushiwa chuma na kuvipasha moto ili milia itoke kwa nguvu. Huko Italia, Antonio Stradivari, aliyefariki mwaka 1737, alitumia mepo kwa migongo ya fidla zake. Kisha zikaja gitaa za Gibson Les Paul za miaka ya 1958 hadi 1960, zenye uso wa mepo chini ya vanishi ya rangi ya machweo, ambazo leo wakusanyaji huzipigania. Kwa hiyo anayetaka meza anashindana na watengeneza gitaa. Gitaa huhitaji vipande viwili vyembamba, ubao uliopasuliwa katikati ya unene na kufunguliwa kama kitabu. Meza inataka ubao mpana na mnene, usio na ufa, wenye nakshi kutoka ncha hadi ncha. Ubao wa namna hiyo hauji kila mwaka.

Nakashima alilielewa hilo la kusubiri mti kwa namna ya pekee. Alizaliwa Spokane, jimbo la Washington, mwaka 1905, kwa wazazi Wajapani, akasomea usanifu majengo, akafanya kazi Tokyo katika ofisi ya msanifu Antonin Raymond, na akasimamia ujenzi wa bweni la Golconde huko Pondicherry, India. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilimfungia katika kambi ya Minidoka, Idaho, pamoja na mkewe Marion na binti yao mchanga, Mira, kwa sababu moja tu: asili yao ya Kijapani. Watu wapatao 120,000 walipitia kambi za aina hiyo. Humo ndani alikutana na Gentaro Hikogawa, seremala aliyefunzwa kwa mila ya Kijapani, na kwa vipande vya mbao vilivyookotwa akajifunza kwake uvumilivu wa kazi ya mkono. Mwaka 1943 Raymond alimdhamini akatoka, akaenda kuishi shambani kwake New Hope. Hapo ndipo karakana ilipoanzia.

Mjozi ndio aliutumia zaidi, lakini alitengeneza pia meza za nundu za mepo, yale mavimbe ya mti ambayo wengine waliyatupa. Ghala lake lilijaa magogo yaliyopasuliwa na kupangwa kwa mfuatano wake, kila gogo likibaki familia moja. Mteja alikuja mwenyewe. Walitembea pamoja kati ya mbao, wakazungumza juu ya nyumba na watu wake, kisha Nakashima akachora mchoro. Mwaka 1973 Nelson Rockefeller aliagiza zaidi ya vipande 200 kwa nyumba yake ya Pocantico Hills, New York, lakini ubao wa meza yake nao ulianzia safari ghalani, kama wa mteja wa kawaida.

Utaratibu huo ndio karakana nzuri nyingi hufuata hata sasa, na ndio unaofaa kudaiwa na yeyote anayeagiza mepo wenye mawimbi. Picha ya simu haitoshi. Inashika nukta moja ya mwanga, na ubao huu maisha yake yote yamo katika kubadilika. Mteja afike, ubao utolewe hadi dirishani mwanga unapoingia kwa ubavu, fundi apitishe kitambaa chenye spiriti, na kwa dakika chache, kabla haijakauka, nakshi itatokeza karibu kama itakavyokuwa siku ya mwisho. Huo ndio wakati wa kuamua: ubao mmoja wenye kingo zake za asili, au mbao mbili ndugu zilizofunguliwa kama kitabu ili milia ikutane katikati.

Vipimo ni rahisi zaidi. Meza iwe sawa na kikalio cha kochi au chini yake kidogo, yaani sentimita 40 hadi 45. Urefu wake theluthi mbili za kochi. Na magoti yaachiwe nafasi ya sentimita 40 hivi.

Kugumu ni kule kusikoonekana. Mbao hupumua. Majira ya baridi huko Pennsylvania, nyumba ikipashwa moto, hewa hukauka na ubao husinyaa. Kiangazi unyevu hurudi na ubao hutanuka. Mepo wa mashariki ni mmoja wa miti inayocheza sana. Uso wa meza wenye upana wa sentimita 60, uliopasuliwa kwa namna ya kawaida, unaweza kutofautiana kwa karibu milimita 8 unyevu wa ndani ya ubao ukibadilika kwa asilimia 4. Milimita 8 zinatosha kupasua meza iliyokazwa kwa skrubu pande zote. Ndiyo maana fundi hodari hutoboa matundu marefu badala ya ya mviringo, ili skrubu iteleze na uso usogee bila kuburuta miguu. Ndiyo maana pia hukausha mbao mpaka unyevu ufike asilimia 6 hadi 8 kabla ya kupima chochote. Anayekausha kwa upepo peke yake hufuata kanuni ya mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na baada ya hapo ubao huingizwa ndani upate kuzoea. Mteja anayeuliza kwa nini meza fupi inachukua miezi, jibu lake kubwa ni hili.

Halafu inakuja randa. Mafundi wa Afrika Mashariki waliowahi kupiga randa mvule wanajua ubao kaidi ulivyo: unapita vizuri kwa shibri moja, kisha nyuzi zinageuka na blade inanyofoa kipande. Mepo wenye mawimbi hufanya hivyo kila baada ya sentimita chache, kwa sababu nyuzi hupanda na kushuka mfululizo. Hakuna upande ulio salama. Fundi hunoa blade hadi iweze kunyoa nywele za mkono, huiweka kwa pembe ya kusimama zaidi, hukata vumbi badala ya maganda, na mwishowe huiacha randa kabisa akashika kikwanguo, kibati chembamba cha chuma chenye ukingo uliokunjwa kidogo sana. Kazi hiyo ni ya polepole na inachosha vidole gumba. Ndiyo inayotenganisha uso unaong'aa kwa kina na uso uliosuguliwa na mashine ukafifia.

Juu ya kupaka, kila karakana ina msimamo wake. Mafuta ya kitani huchimba nakshi ndani na kuleta rangi ya asali, na mkwaruzo wake mwenye nyumba anaweza kuutengeneza mwenyewe kwa kitambaa. Vanishi ya maji huuacha ubao mweupe zaidi. Sheleki hung'arisha kuliko vyote, ila kikombe cha moto huiachia duara jeupe, na pombe iliyomwagika huiyeyusha. Kwa meza ambayo kazi yake ni kubeba vikombe, mafuta yanaonekana kuwa chaguo la busara, hata kama yanadai kurudiwa kila baada ya muda.

Swali moja wateja wengi hulisahau, nalo ndilo zito kuliko yote: mti huu ulisimama wapi?

Agosti 2018, katika Msitu wa Taifa wa Olympic, jimbo la Washington, moto ulizuka ukateketeza ekari 3,300. Kwa maelezo ya waendesha mashtaka, wezi wa mbao walikuwa wameupata mepo wa majani mapana waliotaka kuukata, wakakuta kiota cha nyigu shinani, wakajaribu kukichoma kwa petroli. Mwaka 2021, katika mahakama ya shirikisho mjini Tacoma, mmoja wao alitiwa hatiani kwa wizi wa mbao za umma. Ushahidi uliotikisa kesi hiyo ulikuwa DNA ya miti. Mtaalamu wa Idara ya Misitu alionyesha kwamba mbao zilizouzwa kiwandani zililingana na visiki vitatu vilivyobaki msituni. Mbao hizo zilikuwa zimeuzwa kwa maelezo kwamba zilitoka shamba la mtu binafsi.

Ukataji huu wa wizi una dalili yake ya kusikitisha. Kwa kuwa mawimbi hayaonekani nje, mwizi hubandua gome kwa shoka ili achungulie. Asipopenda alichokiona, huuacha mti na kidonda na kwenda mwingine. Kwa hiyo uso wa meza moja unaweza kuwa na majeruhi kadhaa nyuma yake. Fundi mwaminifu hatakasirika akiulizwa karatasi za ubao. Wengi hutaja wenyewe, tena kwa fahari, jina la shamba, dhoruba iliyouangusha mti, na mwaka ulipopasuliwa. Asiyejua lolote kuhusu ubao wenye thamani hiyo hafai kupewa malipo ya awali.

Hata meza iliyopatikana kwa njia halali inaweza kupotea. Mwaka 1989 nyumba moja ya Princeton, New Jersey, iliungua. Ndani yake kulikuwa na zaidi ya vipande 100 vya Nakashima, vilivyokusanywa na wanandoa kwa miaka mingi, agizo baada ya agizo. Vyote viliteketea. Nakashima, aliyekuwa na miaka 84, alikubali kuanza upya, kipande kwa kipande, kwa mbao nyingine. Alifariki Juni 1990 kazi ikiendelea, na Mira, yule aliyebebwa mchanga hadi Minidoka, ndiye aliyeiongoza karakana tangu wakati huo.

Siku meza ya mepo inapoletwa nyumbani huwa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Mwanga huanza kazi yake papo hapo. Katika sebule zetu wengi wangeikimbilia kwa kitambaa cha kufuma katikati na chombo cha maua juu yake. Kwa mepo, mafundi huomba kitambaa kihamishwe mara kwa mara katika miezi ya mwanzo, kwani pale kilipokaa patabaki umbo lake hafifu huku sehemu nyingine ikielekea rangi ya asali. Upande wa chini, jua lisikofika, ubao hukawia kubadilika. Hapo ndipo jina liliandikwa.