Land Rover ya Zamani: Thamani Iko Uvunguni

Je, wajua kwamba bodi ya Land Rover ilitengenezwa kwa alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu? Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, Uingereza iligawa chuma kwa mgao, na viwanda vilivyouza bidhaa nje ya nchi ndivyo vilivyotangulizwa. Kampuni ya Rover, iliyozoea kuunda magari ya watu wenye nafasi zao, ikageukia gari la shamba. Maurice Wilks, mkuu wa ufundi wa kampuni hiyo, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na kazi zake alizifanya kwa gari la jeshi la Marekani aina ya Jeep. Wazo la Land Rover lilizaliwa huko. Tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa hadharani mjini Amsterdam.

Mabamba ya bodi yalikuwa ya Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesi. Rangi ya kijani ilitokana na akiba ya rangi ya ndege za kivita. Chesisi iliundwa kwa vipande vya bamba la chuma vilivyochomelewa pamoja vikawa boriti zenye uwazi ndani, ili kampuni isilazimike kununua mashine ghali za kukandamizia chuma. Bodi ikafungwa kwa bolti na ribiti. Uhaba ule ukazaa gari ambalo fundi mwenye spana anaweza kulifungua lote, kubadilisha kilichochakaa na kulifunga tena. Ndiyo maana leo, zaidi ya miaka 75 baadaye, kuna mafundi wanaoishi kwa kununua Land Rover zilizochoka, kuzifufua na kuziuza.

Gari linaanza kuoza wapi?

Kwa kuwa alumini haishiki kutu, wengi hudhani gari zima liko salama. Mnunuzi mwenye uzoefu haangalii bodi kwanza. Analala chini na nyundo ndogo, anagonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu. Matope na maji huingia ndani ya boriti na kukaa humo, kisha kutu hula kutoka ndani kuja nje, huku rangi ya nje ikionekana haina neno. Boriti ya nyuma kabisa, inayobeba ndoano ya tela, mara nyingi ndiyo hutangulia. Hufuata mikono inayoshikilia bodi na sehemu zinapofungwa springi. Ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva nao ni wa chuma, na ukioza milango haikai sawa.

Hata alumini ina adui wake. Ikigusana na chuma penye unyevu, hasa wenye chumvi, umeme mdogo hupita kati yao na alumini ndiyo huliwa, ikiacha unga mweupe pembezoni mwa bamba. Gari lililoishi Tanga au Mombasa lichunguzwe hapo kwa makini. Fundi mzuri huweka rangi ya kinga au kipande cha plastiki kati ya madini hayo mawili kabla ya kukaza bolti.

Kwa chesisi, dawa inayoaminika ni zinki. Chesisi hutobolewa matundu ya kutoa hewa, huoshwa kwa asidi, kisha huzamishwa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 420 za Selsiasi, kama yanavyofanyiwa mabati ya kuezekea. Baada ya hapo zinki huliwa kwanza, na chuma hubaki salama miaka mingi. Je, wajua kwamba Land Rover 48 za majaribio za mwaka 1948 zilikuwa na chesisi za namna hiyo tangu mwanzo? Moja kati ya hizo, iliyoonyeshwa Amsterdam, ilipatikana bustanini kilomita chache kutoka kiwandani Solihull, na mwaka 2018 kampuni ikatangaza kwamba itaifufua.

Injini pointi 1, chesisi pointi 5

Injini haimtishi mfufuaji. Ile ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza na Land Rover ya Series II mwaka 1958, ina silinda 4 katika bloku ya chuma cha kusubu. Silinda zikilika, huchongwa upya na kuwekewa pistoni kubwa kidogo. Breki ndizo za kuogopwa: mabomba yote yabadilishwe, na vumbi la brekishuu za zamani lisipulizwe kwa upepo, kwani huenda lina asbesto, inayodhuru mapafu.

Lakini gari linaloruhusu kila kitu kibadilishwe huleta swali zito: bado ni lilelile? Kwa miaka mingi mamlaka ya usajili ya Uingereza ilijibu kwa pointi. Chesisi ya asili, au mpya ya aina ileile, ilipewa 5. Injini ilipewa 1 tu. Gari lililofumuliwa na kuundwa upya lilihitaji angalau 8 ili libaki na namba yake ya usajili.

Nchini Marekani nako utambulisho wa gari una uzito: gari lililotimiza miaka 25 tangu kuundwa huruhusiwa kuingia bila kutimiza viwango vya usalama vya magari mapya. Ruhusa hiyo imepandisha bei za Land Rover za zamani aina ya Defender, na imewavuta wadanganyifu. Mwaka 2013 maofisa wa forodha wa Marekani walikamata Defender iliyovalishwa namba za gari lenye umri mkubwa zaidi, wakaiponda kwa mashine. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rangi inayong'aa na viti vipya vya ngozi haviwezi kumwokoa mnunuzi aliyeuziwa namba ya uongo.

Kwa hiyo mfufuaji mwaminifu huuza vitu viwili, gari na historia yake. Hupiga picha chesisi kabla na baada ya matengenezo, hutunza risiti, hueleza wazi kipi ni cha asili na kipi kimebadilishwa, na namba ya chesisi haigusi kamwe.

Hili linatuhusu sana Afrika Mashariki. Land Rover zilibeba mabwana shamba, wauguzi na askari wa wanyamapori mahali pasipo na barabara, na tamasha lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilionyesha jinsi zinavyopendwa bado. Nyingine zimelala nyuma ya karakana na misheni, zikisubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Kama kwenu ipo moja, kabla hujaipima kwa kilo, soma namba ya chesisi, itafute kadi yake ya gari, uone kama zinafanana. Zikifanana, unayo Land Rover inayoweza kufufuliwa kwa haki, na usikubali kuiuza kwa bei ya chuma.