Ubao Unaopanda Juu ya Upepo: Mchezo au Somo?

Wiki hii tuzungumzie chombo kisicho na magurudumu wala mabawa, na ambacho si mashua, lakini humbeba mtu mzima na kumpitisha sakafuni kana kwamba sakafu imemwagiwa mafuta. Chombo hicho huitwa hovakrafti. Katika shule nyingi za sekondari za Marekani na Uingereza, wanafunzi wa fizikia hukiunda wenyewe kama kazi ya darasa. La kujiuliza ni hili: je, huo ni mchezo wa watoto wa wenye nacho, au ni somo ambalo hata sisi tunalihitaji?

Kwanza tuone kinavyoundwa. Wanafunzi huchukua plaiwudi na kukata duara lenye upana wa sentimita 120 hivi. Ubao mmoja wa futi nane kwa nne, kama ule unaouzwa kwa mafundi wa Keko, hutoa maduara mawili. Chini ya duara hutandazwa nailoni ngumu, ikalegezwa kidogo, kisha kingo zake hukunjwa juu na kubanwa kwa pini na utepe ili upepo usivuje. Katikati, nailoni hukazwa kwa kifuniko cha plastiki na bolti, na kuzunguka kifuniko hicho hutobolewa matundu sita madogo. Juu ya ubao hukatwa tundu moja la kuingiza mdomo wa mashine ya kupulizia majani makavu. Mwisho huwekwa kiti cha plastiki, na kazi imekwisha.

Mashine ikiwashwa, upepo huingia ndani ya nailoni, nayo huvimba kama tyubu ya gari. Upepo unaozidi hutokea kwenye yale matundu sita, hujaa katika uwazi ulio katikati, kisha hupenya pembeni kati ya nailoni na sakafu. Utando huo mwembamba wa hewa ndio unaokibeba chombo. Msuguano hupungua mno, hata mtoto mdogo aweza kumsukuma mwalimu wake kwa kidole.

Wengi watauliza: upepo wa mashine ndogo kama hiyo utanyanyuaje mtu? Hapa ndipo penye somo lenyewe. Tuseme mwanafunzi ana kilo 70, na ubao, kiti na mashine vina kilo 20. Jumla ni kilo 90. Duara la sentimita 120 lina eneo la sentimita za mraba zipatazo 11,300. Ukigawanya uzito kwa eneo, kila sentimita moja ya mraba inabeba gramu 8 tu. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa kiasi cha kilo 2 kwa sentimita hiyo hiyo, yaani mara 250 zaidi. Kumbe hakuna haja ya upepo wenye nguvu nyingi, bali uzito utandazwe mahali papana. Mwanafunzi aliyekariri kwamba shinikizo ni kani kugawanya kwa eneo, sasa amekalia kanuni hiyo na imemnyanyua.

Hata aliyekibuni chombo hiki alianza kwa vitu vya jikoni. Mwingereza Christopher Cockerell, mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya redio ya Marconi, alichukua makopo mawili mwaka 1955, moja la kahawa na jingine la chakula cha paka. Aliingiza kopo dogo ndani ya kubwa, akapuliza hewa katika upenyo uliobaki kati yao, na kupima msukumo wake kwa mizani ya jikoni. Aliona kuwa hewa inayotoka kwa umbo la pete husukuma kwa nguvu zaidi kuliko ile inayotoka kwenye bomba la kawaida. Tarehe 25 Julai 1959, chombo kilichoitwa SR.N1 kilivuka mlango wa bahari kutoka Calais, Ufaransa, hadi Dover, Uingereza. Kuanzia mwaka 1968 hadi 2000, vyombo vikubwa vya aina hiyo vilivusha abiria na magari yao katika mlango huo huo.

Turudi darasani. Kuunda ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujaribu. Chombo hujaribiwa kwanza kikiwa kitupu, kisha kwa mifuko ya mchanga, na mtu hupanda mwisho. Mara nyingi mambo hayaendi sawa. Upepo huvuja penye utepe. Aliyekaa upande mmoja hukiinamisha chombo, nacho hukwama. Saruji yenye mikwaruzo huchana nailoni. Kikishaanza kwenda, hakina breki, kwa hiyo wanafunzi huelewa vizuri alichosema Newton kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka kizuiwe. Kila kasoro huandikwa daftarini, sababu ikatafutwa, na jaribio likarudiwa.

Usalama nao usipuuzwe. Mpandaji avae kofia ngumu na viatu, na mwalimu asimame karibu na swichi. Mashine ya petroli isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani moshi wake una sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo huua. Ile ya umeme isikaribie maji kabisa.

Najua wapo wazazi watakaosema kwamba watoto wamepelekwa shule kusoma, si kuendesha vibao. Hoja hiyo haifai kudharauliwa, maana mtihani upo na ada hulipwa kwa jasho. Lakini tujiulize, ni vijana wangapi wamefaulu kwa kukariri kanuni, kisha wakashindwa kueleza kwa nini kisu butu hakikati? Kanuni ni ile ile. Elimu isiyoguswa kwa mikono hupotea mara mtihani unapokwisha.

Gharama nazo zinapungua watu wakishirikiana. Ubao na nailoni vinapatikana madukani, mashine yaweza kuazimwa, na fundi seremala wa mtaani aweza kualikwa siku moja awafundishe vijana kukata duara. Chombo kimoja kinatosha darasa la wanafunzi arobaini, mradi kila kundi lipewe kazi yake: kupima, kukata, kuziba na kuandika matokeo. Na wasichana wasiachiwe kuandika tu huku wavulana wakishika misumeno.

Wahenga walisema, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Walimu wakuu na kamati za shule wainame kidogo na kuitengea kazi hii alasiri chache katika muhula. Mwanafunzi aliyetafuta upepo unapovujia, akaziba, akajaribu tena, atakuwa ameanza kufikiri kama mhandisi.