Lafudhi ya Tarakilishi: Faragha ya Modi katika Michezo ya Seva

Makala haya yananuia kufafanua jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza huenda likaonekana kuwa mbali na darasa la Kiswahili: namna mchezaji wa michezo ya tarakilishi anavyoweza kuyaweka faraghani mabadiliko aliyoyatia katika nakala yake ya mchezo, pindi anapojiunga na wenzake katika seva. Mfano wetu ni Minecraft, mchezo uliotolewa rasmi mwaka 2011, na ambao kampuni iliyoubuni ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2014. Itadhihirika kwamba miongoni mwa njia za kumfichua mchezaji, iliyo ya werevu zaidi ni ya kiisimu.

Modi ni programu ndogo inayopachikwa katika mchezo ili kuubadilisha. (Neno nimelitohoa tu, “kiraka” lingefaa, ila limekwishatwaliwa na marekebisho ya kasoro za programu.) Zipo modi zinazoongeza wanyama au zana mpya; hizi aghalabu hazina budi kuwapo katika seva na kwa mchezaji pia. Zipo zinazoishi kwa mchezaji peke yake, mathalani Sodium, ambayo huharakisha uchoraji wa picha na ni neema kwa mwenye tarakilishi kongwe. Kisha zipo za hila: inayomwezesha mtu kuona almasi kupitia miamba, au inayoliacha jicho litoke mwilini na kupenya kuta za jirani.

Seva hujuaje mgeni amebeba nini? Kwanza, kila programu ya mchezaji hujitambulisha ilivyo inapobisha hodi: ni ya asili, ni ya Forge, au ni ya Fabric. Katika matoleo ya Forge ya zamani, kama yale ya Minecraft 1.12, mchezaji huituma orodha kamili ya modi zake pamoja na nambari za matoleo yake, pasi na yeye kuulizwa ridhaa. Fabric haipeleki orodha ya namna hiyo. Hata hivyo, modi inayotaka kuzungumza na seva husajili njia ya mawasiliano, na aghalabu jina la njia hiyo hubeba jina la modi yenyewe.

Njia ya tatu ndiyo inayopaswa kutushughulisha sisi wanalugha. Maneno mengi yanayoonekana katika Minecraft hayasafiri yakiwa maneno. Seva hutuma kibainishi, yaani jina la siri la usemi fulani, na tarakilishi ya mchezaji hukifasiri kwa lugha aliyoichagua. Ndiyo maana Mfaransa na Mjerumani waweza kucheza katika seva moja, kila mmoja akisoma kwake. Modi nayo huja na kamusi yake ya vibainishi. Sasa fikiria seva yenye shuku. Huandika katika kibao cha mchezoni, chenye mistari 4, vibainishi vya modi 4 inazozichukia, kisha huiamuru programu ya mchezaji ikifungue kibao hicho kana kwamba kinahaririwa. Programu hufasiri inachokijua, na kibao kinapofungwa huyarudisha maandishi kwa seva. Mstari uliorudi ukiwa umefasiriwa ni ushahidi kwamba modi ipo. Uliorudi ukiwa kibainishi kitupu huashiria kwamba haipo. Yote haya yaweza kutukia kwa kupepesa jicho.

Msomaji wa Biblia atakumbuka Waamuzi sura ya 12, ambapo watu wa Gileadi walisimama penye vivuko vya Yordani wakimtaka kila mpitaji atamke “Shibolethi”. Waefraimu walitamka “Sibolethi”, na wanaotajwa kuuawa wakati huo ni 42,000. Katika kibao cha Minecraft anayepatikana hufukuzwa tu sevani, lakini mantiki ni ile ile: mtu hakiri neno lolote, lafudhi yake ndiyo inayomkiria.

Je, mwenye seva anakosea? Seva ni nyumba yake, na almasi zikichimbwa na wenye macho ya kupenya miamba, waliochimba kwa jasho huvunjika moyo na kuhama. Hata hivyo, naona upekuzi huu una kasoro kubwa. Taarifa zinazokusanywa hutoka katika tarakilishi ya mchezaji mwenyewe, na mwenye kuimiliki anaweza kuifundisha kudanganya. Mdanganyifu stadi atapita, na atakayenaswa ni yule asiyejua kwamba ramani yake ndogo imepigwa marufuku. Afadhali mbinu ya programu ya seva iitwayo Paper, ambayo ina mpangilio wa kuyaficha madini yaliyozungukwa na mawe hata yasitumwe kwa mchezaji, au wa kumtumia madini bandia yaliyotapakaa kila mahali. Aliyefungia almasi sandukuni hana haja ya kupekua mifuko ya wageni.

Kwa mchezaji, kinga ya kwanza ni ya kawaida kabisa: atenge folda ya mchezo kwa kila seva, na ndani yake atie modi zinazohitajika huko tu, kwani isiyokuwapo haiwezi kufichuliwa. Zipo pia modi zinazoikataza programu kuwafasiria wageni vibainishi hivyo, ikajibu kama ambavyo mchezo wa asili ungejibu. Azisome kanuni za seva kwanza, maadamu baadhi ya seva huhesabu uficho wenyewe kuwa kosa. Na asisahau kwamba modi yaweza kuwa mpelelezi: Juni 2023 programu hasidi iliyoitwa Fractureiser iligunduliwa ndani ya modi zilizopakuliwa kutoka CurseForge, ikiiba taarifa za kuingilia akaunti.

Uvujaji unaosahaulika zaidi hautokani na seva. Mchezo wenye modi unapokwama huandika ripoti, na mchezaji huisambaza upesi ili asaidiwe. Ripoti hiyo huorodhesha modi zote, na mara nyingi huonyesha njia ya folda iliyo na jina alilolitumia katika tarakilishi yake, ambalo kwa wengi wetu ndilo jina letu halisi. Ni faili ya maandishi matupu. Yafaa kuifungua na kulifuta jina hilo kabla ya kuituma.